Nyumba ya Mama Iliyouzwa Chini ya Shuka

Tulipoachana wiki jana nilikuwa nimeketi dukani kwangu Kitui, sijauza hata kitenge kimoja tangu asubuhi, nikiuma kucha kwa sababu ya nyumba.

Wewe ambaye umeshika gazeti leo tu, nikupe kwa kifupi. Jina langu ni Katunge. Marehemu mama alituachia mimi na kaka yangu Nyamai nyumba kuukuu ya mawe pale Emali. Vyumba vitatu, mabati yenye kutu, na ufa ukutani ambao paka angepita bila kuinama. Novemba nikiwa mgonjwa, sijui Jumatatu wala Jumapili, Nyamai akaiuza. Mnunuzi ni Gabow, mfanyabiashara wa mifugo.

Januari Nyamai akaniletea nusu yangu. Akasema nyumba ilienda milioni moja na laki tatu. Nilipokea, nikashukuru, nikapona. Kisha nikaanza kufikiri.

Mimi nikianza kufikiri, watu wangu hawalali. Nyumba ya mawe, Emali, lori zinasimama pale mchana na usiku, iende bei hiyo? Nikasema hapa kuna mtu ananifanya mjinga.

Mume wangu Ndila hakutaka nifuatilie. Yeye huzunguka masoko akinunua na kuuza mbuzi, na mtu wa mbuzi hujua bei. Lakini alikuwa ananiambia tu, "Wachana na hiyo maneno, Mama Kanyiva. Nyumba ilishaenda."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia.

Aliacha kutafuna, akaangalia sahani. Nikasema moyoni, huyu mwanamume anamwogopa shemeji yake. Basi nitaenda peke yangu.

Nilienda Emali na fundi wangu mwenyewe, mzee anaitwa Ndululu, aliyejenga nusu ya maduka ya mtaa wetu. Fundi wa Emali sikumtaka. Fundi wa Emali ni rafiki ya Nyamai, na kama si rafiki, ni binamu ya rafiki.

Gabow hakuwepo. Mkewe Abdiya ndiye alitufungulia.

"Abaayo, dada yangu, karibu. Wewe ni yule dada mgonjwa? Alhamdulillahi, umepona!"

Nikamdanganya kwamba nataka kuiona nyumba ya mama mara ya mwisho kabla hawajabomoa kuta. Akanihurumia, akaenda kupika chai. Ndululu akaanza kazi.

Alimwaga kikombe cha maji sakafuni. Maji yote yakakimbilia kona ya jikoni, kama yana miadi huko. Akachukua bisibisi akaichoma mbao ya paa. Ikazama hadi mpini. Akatumbukiza shilingi kwenye ufa, tukaisikia ikigonga chini, mbali.

"Mwaitu, mama," akaniambia, "hii nyumba ni mgonjwa kuliko vile wewe ulikuwa."

"Niambie bei, usinitanie."

"Imejengwa kwa ule udongo mweusi. Kiangazi unapasuka, mvua ikikuja unavimba. Kila mwaka msingi unainuliwa na kuangushwa. Mbao yote imekuliwa na mchwa. Choo imejaa na ukuta wake umeingia ndani. Kurudisha hii kitu ni laki nane, na usinibishie."

Nikabisha. Nikasema laki tano. Akacheka mpaka akakohoa.

"Laki tano ni ya kupaka rangi juu ya ugonjwa. Sikiza. Nyumba nzima kama hii, ploti ya hapa, ni milioni mbili na nusu. Toa hiyo laki nane. Inabaki moja na laki saba. Mtu akilipa hiyo, hajaibiwa na hajaiba."

"Na akilipa moja na laki tatu?"

Ndululu akapangusa bisibisi kwa suruali. "Hapo katikati kuna mtu amekula."

Abdiya alikuwa ameingia na sinia ya chai. Kumbe alikuwa amesikia yote.

"Nani amelipa moja na laki tatu?" akauliza. "Sisi tulilipa milioni moja na laki saba, wallahi. Dhahabu yangu ya arusi iko ndani ya hii nyumba. Halafu mvua ya kwanza, tukalala na ndoo kichwani. Kama kuna mtu wa kulia hapa ni mimi!"

Laki nne! Kaka yangu niliyembeba mgongoni, niliyemwachia chakula nikalala njaa!

Nyumbani kwa Nyamai ni hatua mia mbili kutoka pale. Sikwenda kwake. Nilienda moja kwa moja kwa Mzee Kimwele, mkubwa wa ukoo wetu, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Hasira ilinitangulia, mimi nikaifuata nyuma.

Jumapili ile wazee wakatuketisha. Nikamwaga yote. Nyamai alisikiliza huku ameshika kofia yake mapajani.

"Dada," akasema, "mimi nilipata moja na laki tatu. Nikakupa nusu. Sina zaidi."

"Abdiya amesema moja na laki saba. Kwa kinywa chake."

Aliigeuza kofia mapajani, wazee wakaangaliana. Kisha akaniuliza kitu ambacho kilinipandisha mori.

"Umeongea na Ndila vizuri kabla ya kukuja hapa?"

"Ndila anaingia wapi? Usimvute mume wangu kwa wizi wako!"

"Sawa," akasema.

Nikasimama. Nikataka kithitu.

Kwa msiokijua, kithitu ndicho kiapo chetu Wakamba. Ukikiapia uongo hufi wewe kwanza. Wanaanza watoto, mmoja mmoja, na wewe unabaki ukihesabu makaburi. Pasta wangu anasema ni ushetani. Lakini pasta wangu huyo huyo hawezi kupita karibu nacho.

Mzee Kimwele akaniuliza mara tatu kama nimefikiria. Mara tatu nikasema ndiyo.

"Mlalamishi lazima awe na shahidi, na shahidi ndiye huapa kwanza. Shahidi wako ni nani?"

"Mume wangu. Nani mwingine ataapa kwa ajili yangu?"

Nilimwona Nyamai akifumba macho. Nikasema moyoni, mwizi ameshikwa. Siku ikawekwa, Jumamosi, wiki mbili mbele.

Ndila nilipomwambia, alisema tu, "Umeniandika shahidi bila kuniuliza?" Nikamjibu kwamba mume ni wa nini basi.

Jumatano kabla ya kiapo nikarudi Emali. Nilitaka Gabow mwenyewe aje mbele ya wazee aseme bei. Nilimpata sokoni kati ya ng'ombe, ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa.

"Mama, mimi nikuje kusema nini?" akaniuliza. "Bei sikuongea na ndugu yako."

"Uliongea na nani?"

"Sikuongea na mtu. Bei ya mali haisemwi."

Nikamwona ananichezea. Akatabasamu, akavua shuka begani, akaitupa juu ya mkono wake na wa mwenzake aliyeketi karibu, Mowlid. Wakashikana mikono chini ya shuka. Kitambaa kikatikisika kidogo. Mowlid akatingisha kichwa kukataa. Kitambaa kikatikisika tena. Wakaachana.

"Umesikia kitu?"

"Hapana."

"Ameniuzia fahali. Kila kidole kina bei yake. Sasa, kukiwa na dalali, yeye anashika mkono ya muuzaji, halafu anakuja kushika yangu. Muuzaji hajui mimi nimetoa ngapi. Mimi sijui muuzaji amekubali ngapi. Dalali peke yake ndiye anajua pande mbili."

"Na nyumba ya mama yangu iliuzwa hivyo? Kama ng'ombe?"

"Nyumba, ngamia, yote ni mali. Mimi hivyo ndivyo nanunua."

Nikatoa mkobani nakala ya mapatano, ile Nyamai aliyoniletea pamoja na pesa. "Hii karatasi inasema moja na laki tatu."

"Dalali alisema tuandike hiyo, ushuru ya serikali iwe kidogo. Laki nne nimpe mkononi, yeye atafikishia muuzaji. Hapo tulikosea, nakubali. Nilimpa Novemba, noti. Ile ingine niliweka benki Januari, barua ya ploti ilipobadilishwa jina."

"Huyo dalali ni nani?"

Gabow akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake.

"Si ni bwana yako? Ndila."

Akataka kuongeza neno juu ya Nyamai. Sikungoja. Nilikuwa nimeshageuka, nikikanyaga samadi bila kuona.

Nilimkuta Ndila nyuma ya nyumba yetu akiwanywesha mbuzi maji. Sikumsalimu.

"Laki nne iko wapi?"

Hakuuliza laki nne gani. Aliweka mtungi chini, akajipangusa mikono kwa shati.

"Unatembea nayo," akasema.

"Nimekuuliza iko wapi!"

"Operesheni yako, Mama Kanyiva. Novemba. Ulidhani nani alilipa?"

"Bima! Uliniambia ni bima!"

"Bima walikataa. Walisema hatujalipa miezi saba. Na ni kweli, hatukuwa tumelipa. Daktari akaniambia nikichelewa siku mbili nitafute mbao za jeneza. Siku hiyo hiyo Gabow akanipa zile noti. Zilikuwa hapa." Akagusa mfuko wa shati. "Nilikuwa nampelekea Nyamai. Nilifika mpaka steji, nikarudi hospitali."

Nilimrushia kikombe cha kuchotea maji. Kikampita kando ya sikio. Kisha nikakaa chini, juu ya mavi ya mbuzi, nikalia kwa sauti.

"Ungemwambia Nyamai! Angekataa? Nyamai angekataa kunitibu mimi?"

"Nimwambie na mdomo gani? Mimi ni muthoni wake, shemeji aliyeoa kwao. Nimekuoa miaka kumi na tisa, na kwenu nimepeleka mbuzi tatu za ntheo, zile za kufungulia mahari, basi. Mahari yote bado. Kila nikimwona kaka yako naona zile mbuzi zingine. Niende kwake nimwambie, nipe pesa nimtibu dada yako ambaye bado sijamlipia?"

Wanaume wetu ni hivyo. Muthoni unamheshimu mpaka unamkwepa barabarani. Ndila angekopa kwa shetani kabla ya kumwomba Nyamai.

"Nusu ilikuwa yako," akasema polepole. "Ya Nyamai ni laki mbili."

"Kwa hivyo umemwibia laki mbili."

"Ndiyo."

"Na mimi nikamwita yeye mwizi."

"Nilikuambia uwachane nayo. Kila siku nilikuambia."

Ni kweli aliniambia. Na mimi, mwerevu wa Kitui, niliyepeleka fundi na bisibisi kupima ukuta, mtu niliyelala naye kitanda kimoja sikumpima. Nilimchukia. Lakini pia nilijua kwamba bila ule wizi wake ningekuwa nimezikwa Desemba. Nilitaka kumfukuza na nilitaka kumshika mkono.

"Nitawaambia wazee," nikasema.

"Ukiwaambia, nimekwisha. Nani atampa mbuzi auze mtu aliyemwibia muthoni wake? Watoto wanne, Kanyiva yuko kidato cha nne. Tutakula nini?"

"Na nisiposema? Nikaape kwamba Nyamai ni mwizi? Nani atakufa hapo, Ndila? Si ni hao hao watoto?"

"Hutafika kuapa. Shahidi anatangulia. Nitaapa mimi, na kesi itaishia kwangu."

"Utaapa nini?"

Akachukua mtungi wake akarudi kwa mbuzi. Nilimuuliza tena Alhamisi. Nikamuuliza Ijumaa. Hakunijibu, na mimi, Mungu anisamehe, sikupiga simu kwa Mzee Kimwele. Nilishika simu mara nyingi. Kila mara nikasema, ngoja kidogo.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa ng'ambo ya Kambu, mahali pasipo nyumba wala shamba. Kithitu hakiletwi karibu na mji wa mtu. Mwenye nacho, mzee mfupi wa macho mekundu, alikifungua kutoka kwenye ngozi bila kutuangalia. Sitasema kinafananaje. Nilikiona mara moja nikaangalia kando.

Nyamai alikuja peke yake, na shati lake la kila siku. Akamsalimu kila mzee kwa mkono. Akanisalimu na mimi.

"Umefika salama, dada?"

"Nimefika."

Mzee Kimwele akaeleza kesi. Kwamba mimi Katunge nimesema Nyamai alikula laki nne za nyumba ya mama. Kwamba Nyamai amekataa. Kwamba shahidi wangu ni Ndila.

"Shahidi atangulie," akasema mwenye kithitu. "Avue viatu. Apige kithitu na kijiti mara saba, na kila mara aseme: kama Nyamai hakula pesa hiyo, kiniue mimi na uzao wangu."

Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi. Nikamwona Ndila akiinama. Akavua kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, akavipanga sawasawa kama mtu anayeingia nyumbani kwa wenyewe. Akapokea kijiti.

Alikuwa anaenda kuapa. Mjinga huyu, kwa aibu ya mbuzi, alikuwa anaenda kuwaua watoto wangu mbele ya macho yangu. Nikajaribu kupiga kelele.

"Muthoni," sauti ikasema, "weka hiyo kijiti chini."

Ilikuwa ni Nyamai. Wazee wakageuka wote.

"Mshtakiwa hasemi sasa," mwenye kithitu akafoka.

"Nitasema. Mimi nikiapa naapa ukweli, siogopi. Lakini huyu akiapa, wale watoto ni wa dada yangu." Akamgeukia Ndila, na hakuwa na hasira, hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Januari Gabow aliniuliza kama ile laki nne ya mkononi ilinifikia. Nikamwambia ilifika. Nilikuwa nimekuja kuwaona hospitali Novemba, nikajua hizo hela zimeenda wapi. Nikasema basi, ya mama imemtibu mtoto wa mama. Nikanyamaza."

Ndila alibaki amesimama na kijiti mkononi, miguu mitupu juu ya changarawe.

"Kwa nini hukusema siku ile wazee walipoketi?" Mzee Kimwele akauliza.

"Nilingoja dada aache, mzee. Nilijua atauliza nyumbani kwake kwanza. Hakuuliza."

Nilitamani ardhi ya Kambu ipasuke kama ile ya Emali. Miezi mitano kaka yangu alijua. Akakubali kuitwa mwizi mbele ya watu waliomwona akizaliwa, na mimi nikalipa nauli mara tatu kwenda kumchafua.

Mzee Kimwele akashusha pumzi. "Basi kesi imekwisha. Tufungeni hii kitu twende nyumbani."

"Hapana," akasema mwenye kithitu.

Hakupandisha sauti. Ni yeye tu aliyekuwa bado amechutama.

"Kikishafunguliwa, hakifungwi bila mtu kukiapia. Sijali nyinyi mmesameheana nini. Aliyekitaka ndiye atakifunga. Atasema yote anayoyajua juu ya hiyo nyumba, nani aliuza, nani alikula, na lini yeye alijua. Asipunguze neno. Akipunguza, mnajua."

Lini yeye alijua. Nilihesabu. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku tatu nilijua Nyamai ni msafi, na bado nikamleta hapa.

"Mlalamishi ni nani?"

Ndila akanitazama, akatingisha kichwa polepole, akiniomba. "Mama Kanyiva," akanong'ona. "Tafadhali."

Nyamai yeye aliangalia chini. Hakutaka nione uso wake nikichagua.

Mwenye kithitu akachukua kijiti mkononi mwa mume wangu, akakinyoosha kwangu.

Nikainama, nikavua kiatu cha kwanza.